Kiwanja cha Ndege cha Dar es Salaam na Mambo Yatupasayo Kuyajua

(Hotuba iliyosomwa Kibiti mbele ya viongozi wa vijiji, waalimu na wazee)



Nimetakwa niseme machache juu ya kiwanja cha ndege cha Dar es Salaam, kilichopewa jina la Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, na hasa juu ya jengo lake la tatu, lililofunguliwa na Rais John Pombe Magufuli tarehe 1 Agosti 2019. Mimi nilipita katika jengo hilo mwezi wa Oktoba mwaka ule ule, nikienda Maskati kumzuru dada yangu aliyeolewa huko. Nimekubali kusema, si kwa sababu kupanda ndege ni jambo la kujivunia, maana siku hizi wapandao ni wengi, bali kwa sababu vijana wa Kibiti na wa visiwa vya delta wanazidi kupita katika mlango ule, na wengi wao hupita bila kujua utaratibu wake. Na mtu asiyejua utaratibu wa mlango huwa mateka wa kila asimamaye karibu nao akijidai ndiye mwenye ufunguo.

Basi maneno yangu nimeyagawa mafungu manne: kwanza habari za zamani, pili niliyoyaona, tatu mambo ya saa na mizigo, na nne habari za watoto wetu waendao ng'ambo kutafuta kazi. Fungu la mwisho ndilo kubwa, na hayo mengine ni njia ya kulifikia.

HABARI ZA ZAMANI

Wako wasemao kwamba ndege ni jambo la watu wa mjini, na kwamba sisi wa mikokoni ni wageni nalo. Sivyo hata kidogo. Watu wa delta ya Rufiji waliona ndege zikiruka juu ya vichwa vyao zamani sana, kabla ya watu wa sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki. Mwezi wa Septemba 1914 manowari ya Wajerumani, jina lake Königsberg, iliizamisha manowari ya Waingereza iitwayo Pegasus katika bandari ya Unguja, kisha ikaingia katika mito ya delta yetu ikajificha. Waingereza walizunguka nje baharini, wasiweze kuiona, kwa kuwa mikoko ni mirefu na vijito ni vingi, wala manowari zao kubwa haziwezi kupita penye maji machache. Basi mwezi wa Novemba mwaka ule wakaleta ndege ya kutua majini, ikaruka kutoka kisiwa cha Niororo ili kuitafuta. Baadaye walifyeka kiwanja katika kisiwa cha Mafia, wakaleta ndege za kutua nchi kavu.

Tarehe 6 Julai 1915, na tena tarehe 11 Julai, manowari mbili zisizohitaji kina kirefu, Severn na Mersey, ziliingia mtoni na kupiga mizinga, na ndege zikazunguka juu zikiwapasha habari wapigaji mahali makombora yalipoangukia. Katika shambulio la pili ndege moja ilipigwa ikaanguka mtoni, na watu wake wawili wakaokolewa. Lakini Königsberg iliharibika kabisa, na Wajerumani wenyewe wakaizamisha. Mizinga yake wakaitoa, wakaenda kupigana nayo nchi kavu.

Nimeyataja haya kwa sababu moja. Babu zetu waliitazama ndege wakiwa chini, hawakuambiwa imetoka wapi wala inataka nini, na vita ile haikuwa yao, ingawa ilipiganwa katika mashamba yao na mito yao. Sisi leo haitupasi kuitazama ndege kwa namna ile ile. Yatupasa kujua imetoka wapi, inakwenda wapi, na imembeba nani.

Baada ya vita ile, safari za ndege zikaanza kuwa kazi ya amani. Mwaka 1937 ndege za kutua majini za kampuni ya Imperial Airways, zitokazo Uingereza kwenda Durban, zilikuwa zikitua katika bandari ya Dar es Salaam na bandari ya Lindi, zikichukua barua na abiria wachache wenye mali. Kiwanja cha Kipawa kilipata jengo lake la kwanza katika miaka ya 1950, na jengo la pili, lililochorwa na fundi wa Kifaransa aitwaye Paul Andreu, lilianza kazi mwaka 1984. Jengo hilo la pili lilikusudiwa kupokea abiria kama milioni 1.5 kwa mwaka. Hili la tatu limejengwa kwa kukusudia abiria milioni 6. Naomba mkumbuke pia kwamba kiwanja hiki kimekua kwa kuchukua mahali pa watu. Wako wenyeji wa Kipawa waliohama nyumba zao ili kukipisha, na kuhama kwao ni sehemu ya gharama yake, kama ilivyo fedha ya kodi iliyotumika.

NILIYOYAONA

Nilitoka Kibiti alfajiri kwa basi, nikapita Bungu, Kimanzichana, Mkuranga na Vikindu, mpaka Mbagala, na kutoka huko nikashika njia ya TAZARA, penye daraja la juu liitwalo Mfugale, lililofunguliwa mwaka 2018. Kutoka hapo Barabara ya Nyerere huenda moja kwa moja hata kiwanjani.

Jengo lenyewe ni kubwa, na sehemu kubwa ya kuta zake ni vioo, hata mtu aliye ndani huona ndege zikija na kuondoka. Waendao na wajao hawachanganyiki, bali kila kundi lina sehemu yake. Vibao vimeandikwa kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, nami nilifurahi sana kwa jambo hilo, maana mtu ajuaye kusoma lugha yetu peke yake aweza kutoka mlangoni mpaka ndegeni bila kumshika mtu mkono. Ziko ngazi ziendazo zenyewe, na mzee asiyeziamini ataona lifti na ngazi za kawaida karibu yake.

Jambo lililonipendeza kupita vioo na ngazi ni utaratibu. Kila mtu husimama katika mstari. Mlangoni mizigo yote hupita katika mashine yenye jicho la kuona ndani, na mtu mwenyewe hupita katika fremu inayolia ikiwa amechukua chuma. Mbele yangu alikuwako bwana mmoja mwenye suti nzuri na watu wawili wakimchukulia mizigo. Naye aliambiwa avue mkanda wake, akauvua. Nyuma yangu alikuwako mvuvi wa Kisiju na kanda mbili tu za mizigo. Naye aliambiwa vivyo hivyo, akafanya. Mbele ya mashine ile hapana mkubwa wala mdogo. Nikajisemea, laiti mizani ya korosho ingekuwa hivi katika kila kijiji.

Baada ya hapo abiria huenda kwenye meza ya shirika la ndege, tiketi yake ikatazamwa na mzigo wake ukapimwa. Kisha huenda kwa watu wa Uhamiaji, ambao hutazama pasipoti na kuuliza maswali. Ndipo huingia katika ukumbi wa kungojea. Saa ikifika, hupita katika daraja lenye paa, lililoungana na mlango wa ndege. Sisi tuliozoea kukunja nguo na kutia miguu matopeni ili tupande mtumbwi maji yakupwapo, huona ajabu kuingia chomboni bila kukanyaga ardhi.

Sitaki kusifu tu. Chakula na maji katika ukumbi ule huuzwa ghali, na mtu wa kipato chetu afadhali ale kabla ya kuingia. Tena msafiri ajue kwamba katika nauli yake imo ada ya kiwanja. Wakati nilipopita, ada ya safari ya nje ilikuwa dola 40 za Kimarekani, na ya safari ya ndani Shilingi 10,000. Kwa hiyo mtu yeyote akikusimamisha nje ya mlango akakudai ada ya kiwanja mkononi, jua ya kuwa anataka kukuibia.

MAMBO YA SAA NA MIZIGO

Sasa nawaomba waalimu wasikilize sana. Saa ya tiketi si saa yetu. Sisi huhesabu kutoka kucha na kutoka kuchwa, bali tiketi huhesabu kutoka usiku wa manane hata saa 24. Kanuni yake ni nyepesi. Ukiona saa kuanzia 7 mpaka 18, toa 6, nawe utapata saa yetu ya mchana. Kwa mfano, 16:00 ni saa kumi ya jioni. Ukiona kuanzia 19 mpaka 24, toa 18, nawe utapata saa yetu ya usiku. Hivyo 22:00 ni saa nne ya usiku. Na ukiona kuanzia 0 mpaka 6, ongeza 6. Hivyo 01:00 ni saa saba ya usiku.

Lakini shida kubwa kupita hiyo ni siku. Nilimkuta kijana mmoja amekaa juu ya sanduku lake, amejiinamia. Tiketi yake ilisema Ijumaa saa 00:30. Yeye alifika Ijumaa usiku, saa nne, akidhani amewahi. Kumbe ndege yake ilikwisha kuondoka tangu usiku uliopita. Wazee wangu, ninyi mwajua kwamba kwa hesabu yetu ya asili siku huanza magharibi. Jua likishatua Alhamisi, tumekwisha ingia usiku wa Ijumaa. Kwa hesabu hiyo, saa sita na nusu ya usiku wa Ijumaa ni usiku ule ule uliokusudiwa na tiketi. Vijana wetu wameiacha hesabu ya wazee, nao huita usiku wa Ijumaa ule unaofuata mchana wa Ijumaa. Kama kijana yule angalimwuliza babu yake, asingalipoteza nauli yake. Basi tukifundisha hesabu ya saa shuleni, tufundishe na hesabu ya wazee, maana zote mbili zina faida yake.

Na mtu afike kiwanjani saa tatu kabla ya ndege kuondoka ikiwa aenda nchi za nje. Atokaye Kibiti ahesabu na msongamano wa Mbagala. Atokaye Salale, Mbwera au Kiongoroni ahesabu na maji, kwa maana bahari ikikupwa chombo hukaa juu ya mchanga, wala rubani wa ndege hangojei bamvua.

Kuhusu mizigo, kila tiketi huonyesha uzito ulioruhusiwa, na kilo zizidizo hulipiwa kwa bei kubwa. Kisu, mkasi na kitu chochote chenye makali visiwekwe katika mkoba wa mkononi. Mafuta, asali, manukato na kila kitu cha majimaji kinachozidi mililita 100 nacho hakiruhusiwi mkononi. Nilimwona mama mmoja akitoa chupa mbili za mafuta ya nazi, alizokamua mwenyewe kwa ajili ya mjukuu wake, nazo zikatupwa katika pipa mbele ya macho yake. Hapana aliyemwonea, ila hapana aliyemwambia mapema kwamba chupa hizo zingaliweza kwenda salama ndani ya sanduku kubwa. Mifuko ya plastiki nayo ilikatazwa nchini tangu tarehe 1 Juni 2019. Kikapu chetu cha ukindu hakikukatazwa na mtu.

Neno moja zaidi juu ya mizigo, nalo ni zito. Usichukue mzigo wa mtu mwingine, hata akiwa ni jirani, hata akisema ni zawadi ndogo ya mama yake, isipokuwa umeona kwa macho yako kila kilichomo. Wako wanaofunga dawa za kulevya ndani ya sabuni na ndani ya soli za viatu. Mashine ikiona, atakayefungwa ni yule aliye na mzigo mkononi. Na ziko nchi ambazo hukumu ya kosa hilo ni kifo.

WATOTO WETU WAENDAO KAZI NG'AMBO

Sasa nafika katika fungu lililonileta hapa. Katika mstari wa Uhamiaji walikuwako wasichana watatu, wamevaa mabaibui mapya, na kila mmoja ameshika bahasha. Mmoja aliposikia matamshi yangu alitambua kwamba nimetoka pande za kwetu, akaniamkia, akanipa karatasi yake nimsomee. Karatasi ile iliandikwa kwa Kiingereza na Kiarabu. Lugha hizo mbili hakuzijua hata moja, lakini chini yake alikuwa amekwisha tia sahihi. Nilipoisoma nikaona imetaja kazi ya nyumbani kwa miaka miwili. Mahali pa mshahara palikuwa patupu. Mahali pa jina la mwajiri palikuwa patupu. Nikamwuliza, "Mwanangu, unakwenda kwa nani?" Akajibu kwamba wakala amemwambia atapokewa. Nikamwuliza, "Na ukiulizwa na afisa, utasemaje?" Akasema ameambiwa aseme anakwenda kumtembelea shangazi. Shangazi huyo hakuwa na jina.

Alipofika mezani afisa alimwuliza jina la shangazi na mtaa akaao. Msichana akanyamaza, machozi yakamtoka. Hakusafiri siku ile. Wenzake wawili walijibu vizuri zaidi, wakapita, nami sijui waliangukia katika mikono ya nani. Yule aliyebaki alikuwa akilia kwa sababu baba yake ameweka rehani shamba la mikorosho ili kumlipa wakala, na wakala, aliyekuwa akingoja nje ya jengo, simu yake ilikuwa haipatikani tena. Nilimpa nauli ya kurudi nyumbani, nikaagana naye.

Wazee wangu, sisemi kwamba kazi ya ng'ambo ni mbaya. Sisi watu wa pwani tumekwenda Uarabuni na Uarabuni umekuja kwetu tangu enzi za majahazi na pepo za kaskazi na kusi. Dada yangu mwenyewe anakaa kule kwa heshima, na wako wasichana waliorudi wakajenga nyumba za bati. Lakini iko habari nyingine ambayo si ya kufichwa. Mwezi wa Novemba 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya wanawake wa Tanzania waliofanya kazi za nyumbani Omani na Falme za Kiarabu. Wengi walisema kwamba walinyang'anywa pasipoti zao walipofika, wakafanyishwa kazi saa nyingi mno bila mapumziko, na mshahara ukawa mdogo kuliko ulioahidiwa. Kwa desturi ya huko, mfanyakazi alifungwa kwa mwajiri aliyemleta, akimkimbia huhesabiwa kuwa mkosa.

Jengo la kiwanja, hata liwe zuri namna gani, haliwezi kumlinda mtoto aliyefika pale na karatasi tupu. Afisa ana dakika chache tu kwa kila msafiri. Sisi tuna miezi. Ulinzi wa kweli huanza hapa Kibiti, Bungu na Nyamisati, katika baraza la nyumba na katika ofisi ya kijiji. Kwa hiyo natoa mashauri manne.

Kwanza, mkataba usomwe kwa sauti mbele ya wazazi, kwa Kiswahili, kabla ya sahihi kutiwa. Mwalimu asiyejua Kiarabu amtafute ajuaye. Pakikosekana jina la mwajiri, au mshahara, au saa za kazi, au nani atalipa nauli ya kurudi, karatasi hiyo si mkataba.

Pili, wakala aulizwe kibali chake. Serikali ina ofisi ya huduma za ajira, na huko mtu aweza kuuliza kama anayejiita wakala anajulikana. Mwenye kazi ya halali hakasiriki akiulizwa.

Tatu, kila aendaye aache nakala ya pasipoti, ya tiketi na ya mkataba kwa wazazi na kwa mtendaji wa kijiji, pamoja na jina na mahali pa mwajiri. Naye achukue namba za simu za Ubalozi wetu wa nchi aendayo, azishike kwa moyo, kwa maana karatasi hunyang'anywa na simu huchukuliwa, lakini kilichomo kichwani hakichukuliki.

Nne, shamba lisiwekwe rehani kwa ajili ya ahadi ya mdomo. Mkorosho huchukua miaka kukua, na maneno ya wakala husemwa kwa dakika moja.

Msinifikirie kwamba nataka mlango ule ufungwe. Kwa njia ya kiwanja kile kaa wetu wa mikokoni huweza kufika nchi za mbali wangali hai, jambo ambalo meli haiwezi kulifanya. Kwa njia ile mgonjwa hupelekwa kutibiwa, mwanafunzi huenda kusoma, na aliye ng'ambo hurudi kumzika mzazi wake. Lakini kaa hupimwa kwa mizani, akaandikiwa hati, na ajulikana ametoka kijito gani na anakwenda kwa nani. Ni aibu kwetu ikiwa kaa anasafiri na hati kamili kuliko mtoto wa Rufiji.

Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Kila aendaye atatamani kurudi. Kazi yetu sisi tubakiao ni kuhakikisha kwamba njia ya kurudi inajulikana kabla hajatoka, na kwamba liko jina lake katika daftari la kijiji ili asiporudi aulizwe. Natumaini viongozi wa vijiji mliopo hapa mtaanza daftari hilo mwezi huu, na sisi waalimu tutawasaidia kuliandika.